Kaka Deo, Walidhani Unaongea na Mizimu

Kaka Deo,

Shikamoo, ingawa marahaba yako sitaisikia tena.

Edmonton, huku London, imelowa tangu Ijumaa. Kule makaburini wameniambia jiwe haliwezi kusimamishwa bado, mpaka udongo ukae, kwa hiyo una msalaba wa mbao tu. Jina lako limeandikwa na mtu asiyepima kwanza, herufi ya mwisho imebanwa pembeni kama abiria aliyechelewa. Ungecheka. Mimi nilisimama pale na mwavuli wangu uliokatika kijiti kimoja, nikaanza kukueleza habari, halafu akapita mkata nyasi na mashine yake nikanyamaza. Ndiyo maana nakuandikia. Kuna mambo hayasemeki mbele ya mashine.

Chumba chako nimekirudisha kwa mwenye nyumba. Redio amechukua mwanao Lidya. Lile koti lako la kazi, zito, lenye mistari inayong'aa, nililipeleka stesheni kama walivyotaka. Msimamizi wako, yule mama Mjamaika, alilipokea, akalikumbatia kidogo, kisha akanirudishia. Sasa liko nyuma ya mlango wangu. Kila nikitoka bafuni nadhani kuna mtu kasimama.

Kaka, nakukumbuka zaidi asubuhi, ulivyokuwa unapita kwangu baada ya zamu, unavua viatu mlangoni, unauliza, "Skola, kuna chochote cha moto?" Hata kama ni uji uliolala ulikunywa. Ulikuwa unapenda kuendesha treni kuliko mtu yeyote ninayemjua anavyopenda kazi yake. Ulisema ukiwa chini ya ardhi kule peke yako na taa zako unawaza vizuri. Ulikuwa mwepesi wa utani. Halafu yule kijana akaingia relini mbele yako, na wewe hukuwa na la kufanya.

Sitaandika habari zake. Najua ulizibeba vya kutosha. Nasema tu kwamba baada ya hapo ulikuja kwangu asubuhi zile zile, ukavua viatu, ukakaa, na chai ikapoa mkononi mwako. Walikupa likizo, wakakupa mtu wa kuongea naye, wakakuhamishia ofisini. Daktari akakupa vidonge. Ulilala kidogo kwa vile vidonge, lakini ulilalamika kwamba unajisikia kama mtu aliyefungiwa blanketi kichwani. "Silii, sicheki," uliniambia. "Nipo nipo tu."

Kisha ukasikia habari za zile dawa za maono. Si wewe peke yako, watu wengi siku hizi wanazizungumza, hata kwenye redio: kwamba kuna watu walioumizwa akili na vita au ajali, wakanyweshwa hospitalini, na madaktari pembeni yao, wakaamka wamepungukiwa mzigo. Ulikuja na macho yanayong'aa. Nilifurahi kuyaona yale macho, sitakuficha. Kulikuwa na hospitali inayofanya utafiti, ukaomba, wakakuita. Wakakupima damu. Wakakuuliza habari za ukoo wetu mpaka ukachoka. Wakakuunganisha waya kifuani, na hapo ndipo walipoona kwamba mapigo ya moyo wako yana kasoro, kasoro ambayo wala hukuwahi kuihisi. Wakakwambia, pole, kwa moyo huu hatuwezi kukupa.

Ulirudi umekasirika kama mtu aliyetukanwa. "Skola, hata wagonjwa wanachaguliwa," ulisema. "Nimefika mlangoni, wakanifungia." Siku ile mimi na wewe wote tuliona mlango. Hatukuona kwamba wale watu walikuwa wamekushika mkono usitumbukie.

Baada ya hapo ukampata yule anayewanywesha watu nje ya hospitali, wamwitaye kiongozi. Jina lake silitaji, analo la kwake na kuna lile alilojipa. Mzungu, mrefu, nywele za kusokota, sauti ya upole kama ya padri wa kitubio. Ulinionyesha picha yake kwenye simu, amevaa shanga na kitambaa cha rangi rangi. Alikuwa na unga wa mzizi unaotoka misitu ya Gabon, ambao wenyeji wake huutumia kwa taratibu zao, na wazee wanaoujua. Yeye alikwambia hiyo ndiyo dawa ya mababu zako, kwamba damu yako inaikumbuka. Hapo ulicheka mpaka ukakohoa. "Gabon, Skola! Babu yetu hata Kigoma hakuwahi kufika. Mzungu ananirudishia mizimu ambayo hainijui!"

Tulicheka wote. Lakini ulikwenda.

Nilikuuliza kama amekupima moyo. Ukasema amekushika mkono, akafumba macho, akasema una moyo wa simba. Nilikuuliza vidonge je. Ukasema amekuagiza uviache, uje ukiwa safi. Nikakwambia, Kaka, vidonge vile haviachwi hivi hivi, muulize daktari wako. Ukasema daktari akijua atakuzuia. Ukanibusu kipajini, jambo ambalo hukuwahi kulifanya hata siku moja, ukasema, "Nataka kulia tu, mdogo wangu. Nikilia, nitapona."

Simu ya polisi ilinikuta Jumapili mchana kazini, nimemshika bibi mmoja ninayemhudumia, namvalisha soksi. Nilimaliza kumvalisha. Sijui kwa nini nilimaliza. Ya pili ilienda upande, nikaivua, nikamvalisha vizuri, ndipo nikakaa chini.

Kwa majuma mengi sikujua zaidi ya hayo: nyumba ya kupanga mashambani, nje ya London, watu wamelala kwenye magodoro, moyo umesimama. Wale wengine waliokuwamo hawakutaka kuonekana. Nilikuwa nakuwaza umekufa katikati ya watu wasiokujua, katika lugha isiyo yako. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, Kaka, kuliko kifo chenyewe.

Halafu mama mmoja akagonga mlango. Mhindi, mtu mzima, sari chini ya koti la mvua, mkononi kontena la vitafunio. Akasema kwa Kiswahili, "Hodi. Wewe ndiye dada ya Deo?" Nilishika fremu ya mlango.

Anaitwa Mama Hansa. Alizaliwa Nairobi, akaja huku bado msichana, yeye na mumewe wakaendesha duka la vitambaa Kingsbury. Mumewe alifariki, na yeye akaingiwa na giza, na mtu akampeleka kwa yule yule kiongozi. Siku ile alikuwamo. Alionja ule unga usiku, ukamkaba koo, akautapika wote, akakataa kuongezewa. Asubuhi alikuwa jikoni, akili yake timamu, anachemsha maji ya chai, wakati ninyi wengine mko sebuleni. Mzizi ule haumwachi mtu upesi, unamshika usiku kucha na kutwa nzima.

Nakuandikia alivyoniambia, maana nadhani una haki ya kujua kwamba sasa najua.

Alisema alisikia sauti yako. Ulikuwa umeanza kuongea Kiswahili. Sebuleni hakuna aliyekielewa. Yule kiongozi aliinua mikono juu, akawaambia watu, "Wamefika. Wazee wake wanasema kupitia kwake." Akaanza kupiga ngoma, na wasaidizi wake wakaimba. Wewe ukapaza sauti, na wao wakapaza ngoma.

Mama Hansa alisimama jikoni na kikombe. Akaniambia, "Dada, Kiswahili mimi nilikuwa naongea na wafanyakazi wa duka la baba yangu. Nimekaa miaka mingi sikitumii. Lakini kuna neno mtu hasahau. Alikuwa anasema, 'Jamani, moyo. Moyo wangu haukai sawa. Niitieni daktari, nakufa.' Na wao wanacheza ngoma."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba anyamaze.

Alikwenda kumwambia yule mtu: huyu hasemi na mizimu, huyu anaomba ambulensi. Yule mtu akamwambia kwa ile sauti yake ya upole kwamba woga ni sehemu ya safari, kwamba kila mtu hudhani anakufa, na ndiyo maana ya dawa. Alipong'ang'ania akamwambia polisi watakuja, wote wataumia, na wale walio ndani ya maono watavunjika. Mama Hansa ni mtu wa heshima, amezoea kutii. Alirudi jikoni. Alisimama hapo kwa muda asioujua, na hilo analilia mpaka leo. Kisha akapanda kiti. Simu zenu zote zilikuwa kwenye kikapu juu ya jokofu, mlinyang'anywa mlipofika ili dunia isiwasumbue. Akachimbua, akapata yake, akapiga.

Na alipomaliza kupiga alikuja kwako. Aliwapita na ngoma zao, akapiga magoti, akakushika mkono. Akakwambia, "Mwanangu, wanakuja. Nimewaita." Anasema ulifungua macho, ukamtazama muda mrefu kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, ukamuuliza, "Mama, unatoka wapi?"

"Nairobi."

"Ndiyo maana Kiswahili chako kimepinda."

Kaka! Kaka Deo. Wakati ule! Mama Hansa alikuwa anacheka na kulia huku ananisimulia, na mimi nilitoka nikaenda kukaa ngazini. Ulikuwa wewe. Mpaka mwisho ulikuwa wewe.

Ambulensi ilifika, lakini njia za mashambani ni ndefu. Walikupigania sana pale sakafuni. Waliuliza umekunywa nini, kiasi gani, una dawa gani nyingine mwilini. Yule mtu akasema chai ya mitishamba. Ni Mama Hansa aliyesema ukweli.

Nilikwenda kwenye kikao cha afisa wa serikali anayechunguza vifo. Chumba kidogo, zulia la kijivu, maji kwenye chupa za plastiki. Yule kiongozi aliletwa, kesi yake bado inaendelea. Amenyoa zile nywele. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nilimchukia, lakini alipoulizwa kwa nini hukupimwa moyo alisema, "Niliamini dawa inajua," na nikaona kwamba kweli aliamini. Hilo lilinitisha kuliko kama angekuwa mwongo. Mwongo angeogopa, angepiga simu. Daktari mmoja alieleza kwamba mzizi ule huvuruga mapigo ya moyo hata wa mtu mzima wa afya, sembuse wako. Kwamba kukatiza vidonge ghafla nako kulikudhoofisha. Kwamba ungeitiwa msaada mapema huenda, huenda. Neno hilo "huenda" nimelibeba kwenye basi mpaka nyumbani.

Sasa nikueleze ya Lidya, maana yeye ndiye sababu hasa ya barua hii.

Mwanao alikuja kutoka chuoni, amekonda, nywele hajasuka. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, kama mlivyozoea. Tulikuwa tunamenya viazi. Akaniambia bila kuinua kichwa kwamba wenzake anaokaa nao watakula uyoga pamoja, ule wa maono, na yeye atakula. "Nataka kuona alichokwenda kukiona Baba," alisema. "Nataka kujua kama kulikuwa na kitu kule."

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kupiga magoti. Nilisema, "Vaa koti." Tukapanda basi, tukabadilisha, tukapanda lingine, mvua inapiga vioo, mpaka Kingsbury kwa Mama Hansa.

Mama Hansa alitukaangia kachori kwanza. Tukala. Kisha akamsimulia Lidya yote, kwa Kiingereza, hakumfichia hata ngoma. Lidya alisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani. Mwishoni akauliza, "Lakini alipata alichokuwa anakitafuta?"

Mama Hansa alimtazama. "Sijui, binti yangu. Mimi nilimwona anatafuta pumzi."

Hapo ndipo mwanao alilia. Tangu mazishi hakuwa amelia, Kaka. Alilia mpaka akalala kwenye kochi la watu, na Mama Hansa akamfunika shali ya marehemu mumewe.

Alipoamka walizungumza wao wawili, mimi naosha vyombo, nasikia. Mama Hansa hakumwambia kwamba vitu vile ni shetani. Alisema vina nguvu, na kitu chenye nguvu hakichezewi na mtu aliyevunjika moyo juzi. Alisema sheria ya hapa inavikataza, na kwa kuwa vinakatazwa watu huvila kwa kujificha, na wakijificha wanaogopa kuita msaada. Alimuuliza Lidya: uyoga huo nani kauchuma, na ana uhakika gani kwamba ndio wenyewe? Kuna nani kati yenu anayekunywa vidonge vya daktari? Ukoo wa nani una maradhi ya akili? Nani atabaki na akili zake timamu, na simu itakuwa mkononi mwa nani? Lidya alisema tu, polepole, "Hakuna aliyeuliza."

Hakuahidi kitu. Alirudi chuoni, na mimi nilikaa na simu kifuani kama kitambaa cha joto.

Ilikuwa Jumamosi mchana aliponipigia. Alikuwa amewaambia wenzake kwamba yeye hatakula, na kwamba hawezi kuwazuia, lakini atakaa nao. Walimcheka, wakamwita nesi. Kijana mmoja wa Wales, mpole, alianza vizuri, akawa anaangalia majani dirishani na kutabasamu. Baadaye akaanza kuchemka mwili, misuli inarukaruka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Wenzake wakasema ndiyo safari hiyo, mwache, zima taa. Lidya alimpeleka chumba chenye utulivu, akamlaza ubavu, akamuuliza jina lake, akamuuliza tena na tena amekula nini kingine. Ikajulikana alikuwa amekula pia vidonge vya maumivu ya mgongo alivyopewa na mtu. Mmoja wa wale vijana akamshika Lidya mkono, akasema, "Usipige simu, tutafukuzwa chuo." Alimsukuma, Kaka. Mwanao ambaye hata mende hamuui. Alipiga simu, akafungua mlango wa mbele, akasimama mvuani awaonyeshe ambulensi nyumba, na walipofika akawaambia kila kitu, uyoga, vidonge, saa alipovila, hakuficha.

Yule kijana yuko hai. Alilazwa, akatoka. Mama yake alimpigia Lidya kumshukuru.

Nilimwambia mwanao kwamba alikuwa shujaa. Akakataa. "Sikuwa shujaa, Shangazi. Nilikuwa naogopa sana. Nilikuwa nafikiria Baba tu." Halafu tukabaki kwenye simu, yeye chuoni Leicester, mimi Edmonton, kila mmoja anasikiliza mwenzake anavyopumua. Nilitaka kufurahi. Furaha haikuja, Kaka. Ilikuja hasira, kwamba mtoto wa miaka kumi na tisa aliweza, na nyumba nzima ya watu wazima walipiga ngoma.

Lidya hajamaliza huzuni yake. Bado halali vizuri. Lakini ameanza kwenda kwa mtu wa kuongea naye pale chuoni, na amemwambia habari za yule kijana wa relini pia. Alijua. Kumbe siku zote alijua, ulidhani umemficha.

Kuna jambo moja limebaki. Mama. Mwezi ujao nakwenda kwake Ifakara. Kwenye simu nilimwambia ni moyo tu, na yeye hakuuliza zaidi. Anauliza kitu kimoja kila tukizungumza: "Mwanangu alikuwa peke yake?" Nimekuwa nikijibu mtandao mbaya, Mama, nitakupigia baadaye.

Nakuahidi, Kaka, nitakaa naye mkekani na nitamwambia yote. Mzizi, yule mtu, vidonge, ngoma. Atalia na huenda atakukasirikia, umvumilie. Na majirani wakiuliza nitawaambia hivyo hivyo, maana yupo mtoto wa mtu mahali fulani anayeahidiwa kwamba dawa inajua, na sitaki aibu yangu ndiyo imzuie asisikie. Kisha nitamjibu Mama swali lake. Nitamwambia hapana, hukuwa peke yako. Nitamwambia alikuwapo mama wa watu amekushika mkono, na ulimtania.

Lala, Kaka Deo. Ulitaka kulia tu. Tunakulilia sisi.

Mdogo wako,
Skola